Paka mwenye kingamwili na paka asiye nazo: uchambuzi wa kisa kimoja cha Rau, Moshi

Ombi lililoletwa mezani kwangu asubuhi ile ya mwanzo wa masika lilikuwa fupi: paka mkubwa achomwe sindano ya kumlaza asiamke tena, paka mdogo apewe dawa ya kuzuia kuharisha na arudishwe nyumbani. Aliyelileta alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, akifuatana na mwanawe aliyebeba kapu la ukindu lililofunikwa kwa khanga. Ndani ya kapu walikuwamo Chausiku, paka jike wa rangi tatu mwenye umri wa miaka minne hivi, na mwanawe Pamba, dume jeupe la wiki 16. Mkononi mama alikuwa na karatasi ya maabara iliyoandikwa wiki moja kabla, baada ya mtaalamu mwingine kuchukua damu ya paka wote wawili, na karatasi hiyo ndiyo iliyotoa hukumu: Chausiku alikuwa na kingamwili (protini za damu ambazo mwili hutengeneza kupigana na maambukizi) dhidi ya toksoplazima, kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni; Pamba hakuwa nazo.

“Daktari, mwenye ugonjwa ni huyu mkubwa,” alisema baada ya kuamkiana. “Mkamwana wangu ana mimba ya wiki 9 na kliniki wamempima, wakasema hajawahi kuupata. Siwezi kumweka nyumba moja na paka wa namna hii.”

Nilimwomba tuanze na mdogo.

“Huyo hana kitu, Daktari. Karatasi imesema.”

Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu ya sentensi hiyo. Karatasi haikukosea hata tarakimu moja, na mama yule hakuwa mjinga. Alisoma majibu ya kingamwili kama ambavyo wengi wetu tungeyasoma, yaani kwamba “chanya” maana yake ni mgonjwa na “hasi” maana yake ni salama. Kwa paka na kimelea hiki, usomaji huo huleta maamuzi yaliyo kinyume kabisa na hali halisi. Kama ombi lile lingetekelezwa lilivyo, angeuawa paka ambaye kwa mjamzito yule hakuwa tishio la kufaa kutajwa, na angerudishwa mapajani mwake paka ambaye siku ile ile alikuwa akimwaga vimelea kwenye bustani ya mboga.

Kimelea chenyewe, ambacho jina lake la kisayansi ni Toxoplasma gondii, kilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1908 na Charles Nicolle na Louis Manceaux huko Tunis, ndani ya mwili wa panya mmoja wa nyikani aitwaye gundi, na mwaka huo huo Alfonso Splendore akakiona kwa sungura huko Brazili. Kinaweza kuishi ndani ya karibu kila mnyama mwenye damu moto, kuanzia kuku hadi binadamu, na ndani ya wanyama hao hujificha katika misuli na ubongo kwa namna ya vifuko vidogo vinavyodumu miaka mingi. Lakini kuzaliana kwa dume na jike hufanyika mahali pamoja tu, nao ni utumbo mwembamba wa wanyama wa jamii ya paka. Sababu ya upekee huo ilibaki fumbo kwa muda mrefu, mpaka mwaka 2019 watafiti wa Marekani walipoonyesha kwamba utumbo wa paka unakosa kimeng’enya kinachovunja asidi ya linoleiki, kwa hiyo mafuta hayo hurundikana humo, na mrundikano huo ndio unaokipa kimelea ishara ya kuanza kuzaliana. Walipomzuia panya wa maabara asitumie kimeng’enya hicho, na kumlisha asidi hiyo kwa wingi, kimelea kilianza kuzaliana hata katika utumbo wa panya.

Matokeo ya uzazi huo ni oosisti, chembe ya duara lisilo kamili yenye urefu wa takribani maikromita 12 na upana wa 10 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), iliyozungushiwa gamba gumu. Watu wengi huiita yai, ingawa si yai kwa maana halisi. Paka anayeambukizwa mara ya kwanza kwa kula panya au ndege mwenye vifuko huanza kutoa oosisti kwenye kinyesi kati ya siku ya 3 na ya 10, huendelea kwa wiki moja mpaka tatu, na katika muda huo mfupi huweza kutoa mamilioni kwa mamilioni. Baada ya hapo huacha. Kitu kinachomfanya aache ndicho kiini cha uchambuzi huu.

Mwili wa paka haungojei kingamwili ndipo uanze kupigana. Kimelea kinapopenya utando wa utumbo, sehemu yake hubaki humo humo ikizaliana ndani ya seli za juu za utando, na sehemu nyingine huvuka na kusambaa mwilini kwa umbo la takizoiti, yaani lile umbo linalojigawa upesi. Seli za ulinzi zinazokutana nacho mapema, zikiwamo makrofeji, yaani zile zinazomeza vijidudu, hutoa kiashiria kiitwacho interlukini 12; nacho huziamsha seli T, aina ya seli nyeupe za damu, pamoja na seli za asili zinazoua, ambazo hujibu kwa kutoa interferoni gama. Interferoni hii ndiyo nguzo ya kinga yote dhidi ya toksoplazima. Huigeuza seli iliyovamiwa kuwa mahali pasipokalika, na pamoja na kazi ya seli T aina ya CD8, ambazo huua seli zilizokwisha kuambukizwa, huzima takizoiti mwilini kote ndani ya wiki chache. Sehemu kubwa ya maelezo haya ilichimbuliwa kwa majaribio ya panya wa maabara, lakini mkondo wake mkuu, kwamba ushindi unatokana na kinga ya seli na wala si kingamwili peke yake, unakubaliana na yanayoonekana kwa paka.

Kingamwili huja nyuma. Zile za aina ya IgM huanza kuonekana katika damu wiki moja hadi mbili baada ya maambukizi, na zile za IgG, ambazo ndizo zinazopimwa mara nyingi, huchukua wiki mbili hadi nne. Kazi zinayo: zikikutana na takizoiti nje ya seli huzinasa na, kwa msaada wa protini nyingine za damu, huzitoboa. Kipimo cha kale cha Albert Sabin na Harry Feldman cha mwaka 1948 kilijengwa juu ya jambo hilo, kwa kuwa takizoiti iliyoharibiwa na kingamwili haipokei rangi ya buluu chini ya hadubini, ilhali ile nzima huipokea. Lakini kimelea kinaishi ndani ya seli, na kingamwili haibishi hodi humo. Ni mgambo wa barabarani. Aliyekwisha ingia nyumbani na kufunga mlango hamhusu.

Sasa mtu akipanga tarehe hizo kwenye mstari mmoja, jambo la ajabu hujitokeza. Oosisti hutoka kuanzia siku ya 3 hadi takribani siku ya 21 au zaidi kidogo. IgG huanza kuonekana kati ya siku ya 14 na ya 28. Kwa hiyo paka aliye katikati ya siku zake za hatari mara nyingi atapimwa damu na kukutwa “hasi”, na paka aliyekutwa na IgG nyingi, kwa sehemu kubwa, ni paka aliyekwisha pita kipindi hicho, ambaye utumbo wake umejifunza kukizuia kimelea kisizaliane humo tena. Karatasi ya Chausiku haikuwa hati ya mashtaka. Ilikuwa cheti cha kumaliza jambo ambalo wengi wa paka wanaowinda hulimaliza wakiwa wadogo.

Nimesema “mara nyingi” na “kwa sehemu kubwa” kwa makusudi, na nitarudi kwenye mipaka ya kauli hiyo.

Pamba alikuwa na joto la mwili la nyuzi 39.4, ambalo kwa mtoto wa paka aliyesafirishwa kapuni juani si la kushtua. Tumbo lilikuwa limejaa kidogo, macho yalikuwa safi, mapafu hayakuwa na mkwaruzo, ufizi ulikuwa wa rangi ya waridi. Hakuonyesha manjano wala dalili yoyote ya ugonjwa wa toksoplazima uliosambaa, ambao kwa paka wachache wanaougua huja na homa, shida ya kupumua, ini kuvimba na kuvimba kwa ndani ya jicho. Kuharisha kwenyewe kulikuwa kwa siku nne. Nilipouliza chakula chake, kijana aliyebeba kapu alijibu kwamba anakula ugali na dagaa kama mama yake, “na wale panya anaoletewa.” Chausiku, kama paka jike yeyote mwenye mtoto anayekua, alikuwa akitoa panya kwenye stoo ya mahindi na kumwekea mwanawe sebuleni, kwanza wakiwa wamekufa, kisha wakiwa hai ili ajifunze. Kijana aliyakumbuka vizuri mawindo ya kwanza ambayo Pamba aliyamaliza mwenyewe, maana yalifanyika chini ya kiti cha mgeni. Ilikuwa siku tisa au kumi zilizopita.

Sampuli ya kinyesi haikuwa ngumu kupatikana. Niliichanganya na maji mazito ya sukari ili vilivyo vyepesi vielee juu, nikaweka tone chini ya hadubini. Kilichojitokeza kwanza kilikuwa mayai ya minyoo ya mviringo ya paka, Toxocara cati, mengi sana, yenye gamba la vijishimo linaloyatambulisha. Hayo yalitosha kabisa kueleza tumbo kujaa na kuharisha. Mtu mwenye haraka angefunga hadubini hapo. Katikati ya mayai hayo, hata hivyo, kulikuwa na chembe ndogo mno, angavu, kila moja ikiwa na donge moja ndani yake, ambazo kwa kipimo cha lenzi zilikuwa na maikromita 11 au 12. Oosisti za koksidia (vimelea vidogo vya utumbo) wa kawaida wa paka huzidi hapo kwa mbali: zile za aina ya felis hukaribia maikromita 40 kwa urefu, na zile za rivolta hufika kama 25. Hizi zilikuwa za kundi la toksoplazima. Ninasema kundi kwa sababu kimelea jamaa yake, Hammondia hammondi, hutoa oosisti zisizotofautishika nazo kwa jicho, na kuzitenganisha kunahitaji kipimo cha vinasaba, ambacho hatukukifanya. Katika nyumba yenye mjamzito asiye na kinga, chembe za namna ile huchukuliwa kuwa toksoplazima mpaka ithibitike vinginevyo.

Kukutana kwa minyoo ile na oosisti zile katika tone moja kulinikumbusha mkasa mmoja wa historia ya kimelea hiki. Mwaka 1965, William Hutchison huko Glasgow alionyesha kwamba kinyesi cha paka kinaweza kuambukiza toksoplazima, na kwa kuwa paka wake walikuwa na minyoo hiyo hiyo ya mviringo, alidhani kimelea kinasafiri ndani ya mayai ya minyoo. Dhana ilikuwa ya busara, nayo ikaanguka miaka michache baadaye, pale wachunguzi kadhaa, naye mwenyewe akiwamo, walipogundua kwamba paka asiye na minyoo huambukiza vilevile, na kwamba mhusika halisi ni oosisti. Nusu karne na zaidi baadaye, mezani kwangu, minyoo ilikuwa bado ikimfichia mwenzake njia.

Nilimweleza mama niliyoyaona, nikageuza karatasi yake upande wa nyuma na kuchora mistari miwili: mmoja wa oosisti zinazopanda na kushuka, mwingine wa kingamwili zinazopanda wakati ule wa kwanza unashuka. Aliutazama mchoro kwa muda.

“Kwa hiyo huyu mama yake alishaumaliza?”

“Alishaumaliza, mama. Pengine zaidi ya miaka mitatu iliyopita, alipokuwa mdogo kama Pamba, na hakuna aliyejua.”

“Na huyu ndiye anayelala kwa mkwe wangu.”

Hapo ilibidi nitenganishe mambo mawili ambayo hofu huyaunganisha. Oosisti inapotoka kwenye mwili wa paka bado haina uwezo wa kuambukiza. Inahitaji hewa, joto la kadiri na unyevu, na huiva kwa muda wa siku moja hadi tano. Paka ni mnyama anayejilamba mchana kutwa, na manyoya yake si mahali ambapo oosisti hukaa mpaka zikaiva. Kwa hiyo kumpakata Pamba hakukuwa jambo la hatari sana. Hatari ilikuwa pale alipokwenda kuchimba. Nyumba ile ina bustani ya mchicha na mnafu nyuma ya jiko, udongo wake umelimwa ukalainika na hunyweshwa maji ya mfereji, na paka hawezi kuandaliwa choo bora kuliko hicho. Katika udongo wenye unyevunyevu wa masika, oosisti iliyoiva hudumu miezi mingi. Aliyekuwa akichuma mboga hizo kila jioni, kwa mikono mitupu, ni mkamwana.

Kipimo chake kliniki hakikuwa cha kawaida. Wajawazito wengi hawapimwi toksoplazima, naye alipimwa kwa kuwa alieleza wasiwasi wake juu ya paka. Matokeo yake, hasi kwa IgG na hasi kwa IgM, yalifanana na “hasi” ya Pamba ya wiki moja kabla, lakini maana yake haikuwa ile ile. Kwa binadamu, ambaye kimelea hakizaliani utumboni mwake wala hakitoki katika kinyesi chake, hasi maana yake ni kwamba yeye ndiye anayepaswa kulindwa. Mwanamke aliyeambukizwa muda mrefu kabla ya mimba ana kinga inayomlinda yeye pamoja na mtoto tumboni. Anayeambukizwa mara ya kwanza akiwa mjamzito ndiye ambaye takizoiti zake zinaweza kuvuka kondo la nyuma. Maambukizi ya miezi ya mwanzo humfikia mtoto kwa nadra kuliko yale ya miezi ya mwisho, lakini yakimfikia huumiza zaidi, ubongo na macho yakiwa ya kwanza kuathirika. Wiki 9 si wakati wa kubahatisha. Sikuvuka mpaka wa taaluma yangu. Nilimwandikia daktari wake barua ya nusu ukurasa juu ya kilichoonekana kwa paka, ili yeye apange kurudia vipimo.

Kuhusu paka, tuliafikiana hivi. Chausiku angerudi nyumbani siku ile ile. Pamba angebaki kwangu wiki tatu katika kizimba chenye beseni la mchanga linalomwagwa kila siku asubuhi, kabla oosisti hazijapata nafasi ya kuiva, kisha beseni limwagiwe maji yanayochemka, kwa sababu dawa za kuulia vijidudu za majumbani, pamoja na zile za klorini, hazilipenyi gamba la oosisti kwa kiasi cha kutegemewa, ilhali joto huliweza. Alipewa dawa ya minyoo siku hiyo, ikarudiwa baada ya wiki mbili. Nilifikiria klindamaisini, ambayo ndiyo dawa ya kwanza kwa paka anayeugua toksoplazima, nikaamua kutoitumia, kwa kuwa hakuwa mgonjwa na kwa kuwa nilitaka kinga yake ijijenge bila kusumbuliwa. Ninajua wapo wenzangu ambao wangempa, kwa hoja ya kupunguza oosisti zinazotoka. Katika nyumba ambayo paka hawezi kutengwa ningekubaliana nao.

Bustani ilikuwa ngumu kuliko paka. Huwezi kuchemsha tuta. Niliwashauri waache kuchuma mchicha na mnafu wa nyuma ya jiko kwa msimu ule, mboga za sokoni zioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na zipikwe, kachumbari isubiri, na mkamwana asishike udongo bila glavu. Mama mkwe wake aliongeza kwa hiari yake kwamba asingemruhusu kushika jembe hata kwa glavu. Nikamkumbusha pia nyama. Utafiti mkubwa uliofanywa katika miji 6 ya Ulaya na kuchapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba njia kuu ya wajawazito kuambukizwa ilikuwa nyama isiyoiva, kati ya asilimia 30 na 63 ya maambukizi, wakati udongo ulibeba asilimia 6 hadi 17, na kuwa karibu na paka hakukujitokeza kama sababu. Moshi si Oslo wala Naples, na uwiano wa udongo na nyama unaweza kuwa tofauti kwetu, lakini mbuzi choma anayekatwa akiwa bado mwekundu karibu na mfupa ni yule yule kokote. Kwa kawaida ya nyumbani kwao, mjamzito hupewa kipande kinono kwanza. Nilichoomba ni kwamba kipande hicho kirudi motoni mpaka kiive katikati.

Siku ya 5 ya kukaa kwake kwangu, oosisti za Pamba zilikuwa nyingi kuliko siku ya kwanza. Siku ya 9 zilipungua kwa namna iliyoonekana wazi. Siku ya 13 nilitafuta kwenye matone matatu nikaona moja tu, na tangu siku ya 15 sikuona tena, ingawa niliendelea kutazama kila siku ya pili mpaka wiki tatu zilipotimia. Kuharisha kulikoma siku ya 3, baada ya kutoa minyoo. Jambo ambalo, kama nisingekuwa na hadubini, lingenishawishi kwamba nimemaliza kazi.

Siku ya 21 nilichukua damu ya paka wote wawili na kuirudisha kwenye maabara ile ile, kwa kipimo kile kile cha mgando, ambacho huzimua seramu (maji ya damu yasiyo na seli) hatua kwa hatua na kutazama ni katika mzimuo gani kingamwili bado zinaweza kuvigandisha vimelea vilivyouawa. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakimtambui mnyama kwa aina yake, hivyo hakipotoshwi kama vile vipimo vya haraka vya binadamu ambavyo wakati mwingine hujaribiwa kwa paka. Na kwa kuwa seramu huchanganywa kwanza na kemikali inayovunja IgM, kinachosomwa ni IgG. Chausiku alikuwa 1:800 mwanzoni, yaani kingamwili zake zilionekana hata seramu ilipozimuliwa mara 800, akabaki 1:800. Kiwango hicho ni kikubwa, na watu hudhani ukubwa ni upya. Lakini paka anaweza kubaki na kiwango kikubwa kwa miaka, na kinachoonyesha maambukizi mapya ni kupanda kati ya vipimo viwili, si urefu wa ngazi. Pamba, ambaye mwanzoni alikuwa chini ya 1:25, sasa alikuwa 1:400. Jamaa yule Hammondia anaweza kuamsha kingamwili zinazochanganya kipimo, lakini kwa kawaida si kwa kiwango cha namna hiyo, na kwa sababu hiyo nilirekodi kisa kama toksoplazima.

Kuna jambo la umri ambalo karatasi ya kwanza isingeweza kulieleza. Mtoto wa Chausiku alinyonya kingamwili za mama yake pamoja na maziwa ya siku za kwanza. Kama angepimwa akiwa na wiki 5, angeonekana “chanya” ingawa hajawahi kukutana na kimelea, na pengine yeye ndiye angehukumiwa. Kingamwili hizo za kurithi hupungua na kwisha kadiri ya wiki ya 12, na kuanzia hapo mtoto wa paka anayeanza kuwinda yuko uchi mbele ya panya wake wa kwanza. Pamba alipimwa katika dirisha hilo hasa. Damu moja, paka mmoja, ndani ya miezi mitano ya maisha ingeweza kutoa chanya, hasi na chanya tena, na ni ile hasi ya katikati pekee iliyokuwa na hatari ndani yake.

Narudi kwenye mipaka niliyoahidi. Kinga ya utumbo wa paka si ukuta usiobomoka. J. P. Dubey, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake juu ya kimelea hiki, alichapisha mwaka 1995 jaribio ambamo baadhi ya paka walioambukizwa upya baada ya miaka 6 hivi walitoa oosisti tena, licha ya kuwa na kingamwili. Dozi kubwa za steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, nazo zimewahi kuwafanya paka wenye kinga watoe oosisti upya, na maambukizi ya koksidia wa aina ya felis, yale ya oosisti kubwa, yamefanya vivyo hivyo katika majaribio. Kwa hiyo kabla ya kumrudisha Chausiku nilitazama kinyesi chake mara mbili, sikuona oosisti za ukubwa wowote, na nilimhoji mama kwa makini kama paka amewahi kuchomwa dawa ya kuwashwa au ya kuvimba katika miezi ya karibuni, kwa maana steroidi huchomwa ovyo kuliko inavyoandikwa. Jibu lilikuwa hapana. Hakuwahi kufika kwa daktari yeyote kabla ya kupimwa damu. Hata hivyo sikumwambia mama kwamba Chausiku hataweza kamwe kutoa oosisti. Nilimwambia kwamba kati ya paka wote ambao angeweza kuwa nao mwaka ule, huyu ndiye wa kumwogopa kidogo zaidi, na kwamba akimwondoa, stoo ya mahindi itamwita paka mwingine, huenda mdogo, huenda asiye na kingamwili.

Hoja ya stoo ndiyo iliyomshawishi, nadhani, kuliko mchoro wangu.

Daktari wa mkamwana alirudia kipimo chake katika wiki ya 13 na tena katika wiki ya 24, na mara zote mbili alibaki bila kingamwili za aina yoyote. Pamba alirudi Rau akiwa na kilo 1.9. Bustani ya nyuma ya jiko ilizungushiwa wavu wa kuku, si kwa ajili ya Pamba tena bali kwa ajili ya paka wa majirani, ambao hakuna aliyejua karatasi zao zinasema nini.

Kabla ya kumkabidhi Chausiku nilimpapasa tumboni, kwa mazoea tu, nikasita. Alikuwa bado mtupu, lakini chuchu na mwenendo wake vilionyesha kwamba joto la kutaka dume lilikuwa karibu, na uzao mpya wa masika ungekuwa na wiki 16 wakati ambao mkamwana angekuwa katika miezi yake ya mwisho: watoto wanne au watano, kingamwili za maziwa zimekwisha, mama yao akiwarushia panya wa stoo mmoja mmoja. Nilimweleza mama hivyo. Aliniuliza ni shilingi ngapi kumfunga kizazi, akahesabu kidole kwa kidole, akasema atamleta Jumatano. Jumatano ilipofika alimleta, kapu lile lile, khanga ile ile.